Ruzuku ya Wasioelewa

Jumatatu, 2 Februari

Kipindi cha kwanza, Kidato cha Kwanza. Jiografia. Mwalimu wa Jiografia hatuna, na mimi wa Kiingereza ndiye niliyekutwa nimekaa. Nikafundisha mmomonyoko wa udongo kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa. Nikauliza kama wameelewa.

"Yes, madam!" Darasa zima, sauti moja.

Nikawaambia, kwa Kiingereza hichohicho, kwamba leo nimepanda mlima huu juu ya mgongo wa kiboko. Wameelewa?

"Yes, madam!"

Nikafunga mlango. Nikauliza kwa Kiswahili, mvua ikinyesha huko kwenu udongo unakwenda wapi? Mikono ikajaa juu. Hata Mwanaidi, anayekaa karibu na dirisha lililovunjika na hajafungua kinywa tangu shule ifunguliwe. Alisimama akaeleza jinsi mama yake anavyochimba matuta ya kukinga maji, na jinsi jirani yao aliyelima kufuata mteremko alivyozikuta karoti zake barabarani. Darasa likacheka. Akacheka na yeye. Ana mwanya.

Kengele ikalia, nikafungua mlango, akanyamaza tena.

Nina hasira. Miaka saba wanasoma kwa Kiswahili, halafu Januari moja wanaamka wanakuta hata hesabu imehama lugha. Kisha tunawaita wazito. Langoni kuna bango linalokataza Kiswahili, limeandikwa kwa Kiingereza. Mlinzi hawezi kulisoma. Analilinda tu.

Jumanne, 3 Februari

Habari njema, na mimi si mtu wa kupata habari njema Jumanne. Mkuu wa shule ametangaza ofisini: serikali inatoa ruzuku kwa shule ambazo Kidato cha Kwanza wanafika hawana Kiingereza cha kutosha. Mwalimu wa ziada wa lugha. Vitabu. Na ruhusa ya kufundisha lugha kwanza, muhula mzima, kabla ya kuwarundikia masomo mengine. Wageni watakuja Jumatano ijayo kuona kwa macho yao.

Nimekiomba kitu hiki tangu nilipohamishiwa hapa. Nimenunua samaki wa kukaanga kujipongeza, nikamla peke yangu mpaka kichwa.

Alhamisi, 5 Februari

Kikao cha walimu. Nimerudi kichwa kinagonga.

Mkuu amegawa kazi. Kwaya ijiandae. Kuta zipakwe chokaa. Pilau. Sawa, wageni ni wageni. Halafu akasema mwalimu wa taaluma achague wanafunzi wa Kidato cha Tatu wenye maumbo madogo, wavae sweta za Kidato cha Kwanza, wakae kwenye madawati ya Kidato cha Kwanza, na mimi niwakaririshe majibu ya Kiingereza. Kidato cha Kwanza wenyewe watakwenda bondeni kusomba mawe ya msingi wa maabara.

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikasema, Mkuu, ruzuku ni ya wasiojua. Tukionyesha kwamba wanajua, tunaombea nini?

Akanitazama kwa huruma, ndicho kilichoniudhi zaidi. "Mwalimu Tausi, ukienda kuposa unampeleka kijana ameoga."

"Na hospitali, Mkuu, unampeleka mzima?"

Kabla hajajibu nikaongeza: mficha uchi hazai. Walimu wa kike wakaziba midomo. Mkuu akafunga faili. Kikao kimekwisha.

Ninachokiona ni hiki: si mtu mbaya. Hajala hata senti ya shule. Lakini kwake mgeni akija, nyumba inafagiwa, mwenye kikohozi anafichwa chumba cha nyuma. Ndivyo alivyolelewa. Ndivyo tulivyolelewa wote. Na safari hii ufagio wetu utafagia ruzuku yenyewe.

Jumamosi, 7 Februari

Nimepanda kwa kina Mwanaidi. Hakuja shule jana. Kutoka kwangu Bigwa ni mwendo wa kukata pumzi, na njia ilikuwa na utelezi. Nimeanguka mara moja. Kuna mzee aliniona, akajifanya hakuniona. Mungu ambariki.

Nilimkuta mama yake anapalilia kabichi. Akaniamkia shikamoo huku ameinama, jembe mkononi. Alinikaribisha vizuri, chai ya rangi na magimbi. Nikauliza mtoto ana nini. Hana kitu. Alikuwa anasaidia shambani.

Mama hakuzunguka. Dada yake ana mgahawa Dumila, pale njia panda, anataka msichana wa kumsaidia. Ameshaomba mara mbili. "Mwalimu, mimi nimemuuliza mwanangu huko shule anafanya nini. Akaniambia, nanyamaza. Sasa kama ni kunyamaza, si anyamaze huku anaosha vyombo, apate chochote?"

Nikamwambia kuhusu ruzuku, kwamba muhula ujao watafundishwa lugha kwanza, taratibu. Akasema atangoja mpaka Idi. Ikifika Idi mtoto bado ananyamaza, anakwenda Dumila.

Mwanaidi alinisindikiza mpaka kijito. Njia nzima anaongea, Kiluguru na Kiswahili vimechanganyika, ananionyesha shamba la huyu na la yule na nani kagombana na nani kwa mpaka. Eti huyu ndiye bubu wa darasa langu.

Jumatatu, 9 Februari

Nimekataa kuwakaririsha. Nilikwenda ofisini kwa Mkuu nikamwambia ana kwa ana, ili asiseme alisikia kwa watu. Akaniambia nifikirie nafasi yangu. Kuna shule huko mbali zina upungufu wa walimu wa Kiingereza, akasema, huku anachungulia dirishani.

Nimefikiria nafasi yangu. Nimeikuta iko palepale.

Mwalimu wa taaluma ameichukua kazi hiyo. Mchana kutwa nimewasikia Kidato cha Tatu wanaimba majibu. Mmoja ana masharubu yanaanza. Sweta imemfika kitovuni.

Jumatano, 11 Februari

Niandike kabla sijasahau mpangilio wake.

Wageni watatu. Kiongozi wao mama wa makamo, mpole, viatu vya kutembelea. Hicho kilinipa moyo, viatu. Kwaya ikaimba. Mkuu akahutubia. Wakapelekwa "Kidato cha Kwanza". Mimi nilikuwa nimepangiwa jikoni kusimamia pilau.

Niliiangalia ile pilau. Nikamkabidhi mpishi mwiko, nikashuka bondeni.

Watoto walikuwa wamebeba mawe vichwani. Nikasema tueni, twendeni darasani. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Tukapanda mstari mmoja, miguu na magoti matope matupu. Nikawa nazungumza na mwili wangu mwenyewe kama punda: panda, panda.

Nilibisha hodi kwenye darasa langu mwenyewe. Nikaingia, watoto nyuma yangu. Nikamwambia yule mama, samahani, Kidato cha Kwanza ndio hawa. Hao waliokaa ni kaka na dada zao.

Mwenye masharubu ndiye aliyesimama wa kwanza kupisha. Nadhani alifurahi kuvua ile sweta.

Mkuu alicheka kicheko kikavu, akasema mwalimu huyu ana utani sana. Yule mama hakucheka. Akawageukia watoto, akawauliza kwa Kiingereza cha polepole kama wanaelewa masomo yao.

"Yes, madam!"

Sauti moja. Safi. Kuliko hata Kidato cha Tatu.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nimewatoa bondeni, nimemdhalilisha mkubwa wangu, na watoto haohao wananizika. Mkuu akaanza kutabasamu. Yule mama akaandika kitu. Nikamwambia, niwie radhi, waulize asubuhi wamekula nini.

Akauliza.

"Yes, madam!"

Akauliza mama zao wanafanya kazi gani.

"Yes, madam!" Safari hii kwa sauti ya chini. Wengine walishahisi kuna kitu hakiko sawa. Mwanaidi aliinamisha kichwa. Mimi pia.

Mama yule akaweka kalamu chini. Akauliza tena maswali yote mawili, kwa Kiswahili, na sauti yake ilikuwa ya mzazi. Mmoja akasema muhogo. Mwingine chai kavu. Wakaanza kuongea, wakawa wanakatizana. Mwanaidi akasimama akasema mama yake ni mkulima wa kabichi na karoti, na kwamba yeye anajua mmomonyoko wa udongo, ila hajui kuusema huku. Alisema "huku" akionyesha ubao.

Wageni walikula pilau yao, wakashukuru, wakaondoka. Kuhusu ruzuku hawakusema lolote.

Mkuu alinikuta nyuma ya ofisi. "Umenivua nguo mbele ya wageni." Nikamwambia ndiyo, na ningeweza kurudia. Kisha nikaenda chooni nikalia, kwa sababu ni mtu mzima na nilimwona anatetemeka. Kulia si kujuta.

Alhamisi, 12 Februari

Hakuna anayeniongelesha. Chai ya saa nne imemiminwa, kikombe changu kimerukwa.

Nimejimiminia mwenyewe.

Alhamisi, 19 Februari

Leo tumeanza kufunga. Mwanaidi yupo darasani, midomo mikavu, kimya. Bado hakuna neno kutoka kwa wageni. Mwalimu wa taaluma anasema shule yetu imeandikwa ya waongo na hatutapata hata chaki, na kosa ni langu. Inawezekana. Nimeliwaza usiku na mchana. Kama ni hivyo, basi tumekosa kwa ukweli badala ya kukosa kwa sweta fupi.

Lakini sitangoja ruzuku. Baada ya vipindi nawabakiza Kidato cha Kwanza chini ya veranda. Hatusomi chochote cha maana. Tunataja vitu. Jembe. Tuta. Mvua. Kisha namwuliza mmoja kitu cha kipuuzi, na asipoelewa anatakiwa aseme hapana, hajaelewa. Hili ndilo gumu kuliko yote. Wanajua kutaja jembe kwa Kiingereza, lakini hapana inawakwama kooni. Kumwambia mtu mzima kwamba hukumwelewa, huku mlimani, ni utovu wa adabu. Nyumbani ukiitwa unaitika. Tumewafunza vizuri mno.

Ijumaa, 13 Machi

Tumepata.

Mkuu ametangaza paredi. Amesema ruzuku imekuja kwa sababu shule yetu "ilisema ukweli bila woga". Nilikohoa. Walimu wawili wakakohoa pia, na saa nne kikombe changu kilijazwa, ingawa wanajua nimefunga. Mwalimu wa ziada anakuja muhula ujao, na ratiba ya lugha kwanza inaanza Jumatatu hii na sisi tuliopo.

Baada ya paredi akaniita. Akanipa bahasha bila kunitazama. Uhamisho. Upande wa Ngerengere, baada ya likizo. Aliomba yeye, mwezi uliopita. Akasema kwa sauti ndogo kwamba sasa hauwezi kurudishwa. Nadhani angependa urudishwe. Sikumsaidia kulisema.

Nimekasirika mpaka nimesahau kununua tende. Nimefuturu kwa maji na uji.

Lakini sitalia tena chooni. Ngerengere nako wapo watoto wanaosema yes, madam.

Jumapili, 15 Machi

Asubuhi nimemkuta mama Mwanaidi mlangoni, ameshuka na mzigo wa kuuza mjini. Kanipa kabichi mbili. Nikamwambia mambo ya ruzuku, akasema ameshasikia, mlima mzima umesikia, pamoja na habari ya sweta. Alicheka mpaka akashika kiuno.

Nikamwuliza kuhusu Dumila. Idi ni wiki hii.

Akasema bado hajaamua. Dada yake kapiga simu tena. "Nitamuuliza mwenyewe, mwalimu. Aniambie kama bado ananyamaza."

Sikumwambia kwamba mimi naondoka. Nimekaa na kabichi zangu mezani, nimeziangalia.

Jumanne, 17 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimefika shule sketi imelowa mpaka magotini.

Kidato cha Kwanza, somo la lugha. Maji yanaingia kwa dirisha la Mwanaidi, nikamsogeza mbele. Nikaeleza kwa Kiingereza njia ya maji kutoka mlimani mpaka mtoni, nikachora. Nilikwenda haraka, akili yangu ilikuwa kwingine. Mwishoni nikauliza kama wameelewa, nikageuka kufuta ubao bila kungoja, maana jibu nalijua.

"Yes, madam."

Na chini yake, imechelewa kidogo, sauti nyingine.

"No, madam."

Nikageuka. Mwanaidi amesimama. Ameshika dawati kwa mikono miwili. Darasa zima linamtazama kama amevunja sahani. Nikamwuliza, kwa Kiingereza, ni wapi hakuelewa. Akaja mpaka ubaoni, akaweka kidole pale kwenye kona ya mto.

Kidole cha pili kikanyooshwa nyuma. Kisha cha tatu.

Nikachukua chaki, nikaanza tena kutoka juu mlimani.