Nyasi za Kina Spesioza

Mjukuu wangu Neema,

Huku Titye hatujambo. Babu yako amemaliza kuvuna maharage, na kila jioni anauliza kama umepiga simu.

Umeniuliza mfanyeje na yule mama aliyehamia nyumba yenu, mnayempelekea chakula lakini hatoki kukaa nanyi uani.

Miaka ya sabini, nikiwa darasa la sita, kijiji chetu kilijenga darasa kwa msaragambo, kazi ya wote isiyo na malipo. Kila nyumba ilileta mganda wa nyasi za kuezekea. Majirani waliokimbia vita Burundi hatukuwaomba. Mama alisema, "Wamechoka hao, waacheni wapumzike." Tuliona ndiyo heshima.

Darasa lilipofunguliwa, rafiki yangu Spesioza, mtoto wa majirani hao, hakuja. Nikamfuata kwao. Mama yake akanijibu, "Mwanangu, paa lile halina nyasi zetu. Ataingiaje?"

Niliona aibu. Nikasema, bila kutumwa na mtu, "Upande wa nyuma unavuja, mama. Tunaomba mganda mmoja."

Akacheka. "Mmoja! Mnatuona wavivu?"

Kesho yake alileta mitatu, akapanda ngazi mwenyewe, huku akitukemea kwa jinsi tulivyofunga vibaya. Spesioza alikuwa chini yake, kwenye dawati langu, akiona haya na kufurahi.

Basi Neema, pumzikeni kidogo kupeleka sahani. Jumamosi mkisafisha ua, mgongee mlango, mwombe aje na ufagio wake.

Nakukumbatia kutoka huku mbali,
Bibi yako