Ukuta Haujakuita

Mama mpendwa uliyelala kaburini Ikonge,

Najua barua haifiki huko, lakini moyo unanirukaruka na sina mwingine wa kusumbua. Moraa, mjukuu wako mwenye jina lako, alimwagikiwa na uji moto wa wimbi mguuni. Hapa hospitalini Kisii wamemtoa ngozi kidogo pajani, wakaibandika kwenye kidonda. Kesho watafungua bendeji waone kama imeshika. Isiposhika, watamkata ngozi nyingine.

Daktari alinieleza kwamba nyama yetu ni vipande vidogo mno, jicho haliwezi kuviona, na vinapelekeana habari: shika, achia. Kwenye kidonda, vya ukingoni huachia, vikatambaa, vikikutana na wenzao vikashikana tena.

"Hiyo habari inabebwa na nani?" nikamuuliza.

"Na protini."

"Hii ya maharagwe?"

Alicheka mpaka akashika kitanda. "Mwili hutengeneza zake, mama. Lakini maharagwe mpe tu. Na bendeji msiguse, mtavivuruga."

Hapo nikakukumbuka tukikandika nyumba yako. Udongo wa kwanza ulikuwa bado mbichi, mimi na haraka zangu nikapaka wa pili juu yake. Wote ukaporomoka miguuni pangu. Ulicheka wewe! "Ukuta haujakuita, na mkono wako umeshafika!" Tukangoja ukauke, upasuke nyufa, ndipo ukanipa kinyesi cha ng'ombe na majivu nipake juu yake. Ukuta ule bado umesimama.

Leo mchana mama mkwe amekuja na kibuyu cha samli.

"Ngozi bila mafuta itashika nini? Fungua."

"Hapana, mama."

"Watoto wangu wote walipona kwa samli hii! Wewe umeanza kuzaa juzi tu!"

Nikafunika mguu wa Moraa kwa mikono yangu. Nikasema, "Mama, ukuta haujatuita."

Akanitazama. Naye amekandika nyumba maisha yake yote. Akasukuma kibuyu chini ya kitanda, akaketi. "Haya. Tungoje."

Sasa ni asubuhi, naendelea. Wamefungua. Nilifumba macho, nikamsikia daktari akisema, "Imeshika." Nikafumbua. Ni nyekundu, Mama, na imetulia. Imebaki kona moja, karibu na kifundo, ambayo bado inainuka. Mimi naona hiyo kona tu.

Mama mkwe ameinama akaichunguza. "Hiyo," akasema, "bado inakauka."

Pumzika, Mama. Mwenye jina lako anaitisha maharagwe.

Binti yako,
mama yake Moraa