Kuuma Punje

Alhamisi, 1 Januari

Nimefungua stoo kama kawaida. Rongai yote imelala, mimi nafagia makapi ya mahindi. Panya hawana sikukuu.

Bado nina hasira ya Krismasi. Kwa Mama, Mau Narok, matope yalizuia gari chini, tukapanda mlima kwa miguu. Yeye na mtungi wa maji mgongoni, mimi na mkoba. Mama husimulia akitembea tu. Akikaa ni maagizo. Alikuwa anasimulia jinsi alivyokutana na marehemu baba, Elburgon, kwenye kiwanda cha mbao. Akafika pale baba anamwita barabarani. Nikasimama kushika kiuno. Nilipomfikia juu, hadithi ilikuwa imeisha. Hata hakujua nimebaki nyuma.

Nikamwomba arudie. "Hiyo ilikuwa ya mlima," akasema. Akanipa viazi nimenye.

Halafu majirani wakaja, akajisifu: "Mwone msichana wangu, amekuwa na afya." Maana yake nimenona. Nilikuwa bado nahema.

Mama anakaribia miaka themanini. Lengo langu la mwaka ni moja: nisikie mwisho wa hiyo hadithi.

Jumapili, 4 Januari

Chama chetu cha akina mama kilikuja kwangu baada ya kanisa. Mwenyekiti wetu, Mama Shiru, ameleta shindano. Atakayepungua kilo nyingi kufikia Pasaka anapewa sufuria kubwa. Mizani ni yangu, ile ya mahindi.

Mama Shiru akapanda wa kwanza akivua sweta. "Toeni uzito wa gunia," akasema. Tulicheka, na mimi pia. Zamu yangu ikafika, akasoma kwa sauti: "Mama Mizani ni gunia moja na debe juu."

Nikasema mimi lengo langu ni afya tu. "Afya si unayo tayari," akajibu, "tena ya kugawa." Wakacheka hadi chai ikamwagika.

Nilianza na debe moja la mahindi kando ya barabara. Stoo hii nimeijenga mwenyewe. Leo nimesomwa kama mzigo ndani yake.

Nimeingia shindano. Kwa hasira.

Jumatano, 14 Januari

Sili chakula cha jioni. Chai bila maziwa. Mizani inafurahi, namba imeshuka.

Leo nimejaribu kile kilima cha nyuma ya posho mill, pale tunaposagia unga. Kizunguzungu. Nimekaa juu ya jiwe kama mzigo ulioachwa. Krismasi nilifika mbali kuliko hapa. Namba imeshuka na pumzi imeshuka nayo. Hesabu hii haifungi.

Ijumaa, 16 Januari

Mkulima ameleta mahindi. Magunia mazito, ameyasifu sana. Sikuangalia mizani. Nilichukua punje moja nikauma. Haikulia kah. Ikabonyea. Mahindi yana maji, yangeoza kabla ya mwezi kuisha. Nikamwambia, "Boss, rudi uanike." Yakikauka yatapungua uzito. Yangeweza kupungua pia kwa kuliwa na dumuzi. Mizani haijui tofauti. Meno yanajua.

Nimefikiria hili siku nzima. Miaka yote hii nauma punje kabla ya kupima, na mwili wangu naupima bila kuuma. Punje ya mwili ni ipi?

Usiku nimekula githeri, mahindi na maharagwe. Sahani imejaa.

Jumamosi, 31 Januari

Siku ya kupimwa. Nimekataa kupanda. Mama Shiru: "Basi umeogopa." Nikasema mizani mtumie, mimi nimetoka. Wakaondoka. Imeniuma kuliko nilivyodhani. Hakuna aliyebaki kunioshea vikombe.

Lakini punje nimeipata. Ni kuongea. Napanda kilima asubuhi nikitaja kwa sauti bei za mahindi, maharagwe, viazi. Pale sentensi inapokatika, ndipo nilipofika. Siku ya kwanza nilikatika kwenye mti wa kwanza. Sasa napita ua wa shule.

Ajabu nyingine: nikilala mapema, nafika mbali. Nikilala nikigombana na chama kichwani, nakatika chini kabisa. Sikutegemea hilo.

Jumanne, 10 Machi

Mama ana kikohozi. Jirani amepiga simu, anasema hatoki nje. Nimejua sasa hivi kwamba muda niliokuwa nahesabu ni wangu tu. Wake sikuuhesabu.

Nimetaka kwenda leo. Mama akanyakua simu: "Usije kunitazama nikilala. Njoo nikiwa natembea."

Jumapili, 22 Machi

Asubuhi Mama Shiru alinikuta kilimani. "Watu wanasema umerukwa na akili, unauzia miti maharagwe." Nikamweleza. Akapanda na mimi hadi nusu, akakaa. Akasema hulala njaa tangu Januari na sasa anagombeza kila mtu nyumbani. Sikumcheka. Nilitaka, lakini sikumcheka. Nimempa uji. Amemaliza kikombe, akaomba kingine.

Jumamosi, 4 Aprili

Mau Narok. Mvua imeanza, gari limebaki chini tena. Mama amekonda, kikohozi kimeondoka. Leo mtungi nimebeba mimi. Alianza kusimulia kabla sijaiomba hadithi yangu ya mlima.

Elburgon. Yeye amewabebea wafanyakazi chakula, anarudi na sufuria tupu, mwendo wake wa siku zote. Nyuma yake kijana na mbao begani. Anamfuata, anashindwa. Mwishowe anaita: "Wewe msichana, punguza mwendo."

"Nikapunguza," Mama akasema. "Ndiyo ukazaliwa."

Tulikuwa karibu na juu. Nikamuuliza, na kama hungepunguza? Sentensi ilitoka nzima, haikukatika popote.

Mama akanitazama. Hakusema nimekuwa na afya. Akacheka, akaongeza mwendo.