Mwalimu Aliyenitazama Usoni

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, za Mama, na za binti yako, ambaye kwa maneno amekwisha kutupita sote ingawa kimo bado. Huku tunapumua. Magoti ya Mama yanamsumbua asubuhi, yakipata joto anayasahau na kuanza kugombana na majirani. Wewe je, kifua kimepona? Na yule bosi wako, amelegea au ndiyo vilevile? Mimi nimechoka, Dada. Usingizi napata, lakini naamka hoi.

Barua yako niliipata, pamoja na makaripio yake yote. Kumbe Mama amenishtaki kwako kwamba natafuta mwalimu wa pool badala ya kutafuta mke! Nilicheka. Lakini pale ulipouliza kama mimi huyu ndiye dereva anayembeba mwanao kwenda shule kila asubuhi, sikucheka. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujampigia Mama simu.

Unajua pool ndiyo starehe yangu pekee. Nikishamshusha mtoto wa mwisho na kufagia basi, napita ukumbini pale karibu na gereji, nacheza kidogo, akili inatulia. Walioweza kunifunga walikuwa wa kuhesabu. Mwaka huu, sijui nani kaniroga, nikaanza kukosa. Mpira uko mdomoni mwa shimo, naupiga, unagonga ukingo na kurudi. Vijana wa gereji wakanibatiza jina, Bwana Nusura. Mwanzoni nilicheka nao, baadaye ikaniuma. Dada, mimi nina usukani na ile fimbo tu, sijui kingine duniani. Nikaona bora nifundishwe upya.

Wa kwanza alikuwa muuza simu wanayemwita Profesa. Lo, yule bwana na maneno! Alinisimulia alivyowafunga watu wa miji yote, akanipokonya fimbo ili anionyeshe, na somo zima nikawa mtazamaji. Wa pili, kinyozi, alinikunja kiwiko, akanipanua miguu, akanishusha kidevu mpaka mgongo ukalia. Nikazidi kukosa. Akasema tatizo langu ni uvivu.

Watu wakanielekeza kwa mama mmoja, fundi wa kubadilisha vitambaa vya meza za pool. Nilikwenda shingo upande, maana wenzangu walikuwa wakiguna kwamba mwanamume mzima naenda kufundishwa na mama. Yeye wala hakujali. Alinitegea mpira mmoja, nikapiga, akaurudisha palepale, nikapiga tena. Mpira wenyewe hakuutazama hata kidogo. Alikuwa akinitazama usoni. Mwisho akaniuliza kwa nini nalaza kichwa kila ninapolenga. Nikabisha. Akaniziba jicho la kulia kwa kiganja chake chenye harufu ya gundi, akaniambia nikaze macho kwenye mpira mweupe bila kugeuka, nimtajie ninachoona upande wa kushoto.

Sikuona kitu. Palikuwa na ukungu tu, shimo halikuwepo, ukingo haukuwepo. Akaniambia mkono wangu hauna kasoro, yeye hana cha kunifundisha, niende kwa daktari wa macho haraka. Kisha akaniuliza nafanya kazi gani. Nikaona aibu kumjibu.

Daktari alisema ni presha ya macho. Haiumi, inakula pole pole, na mwenyewe hujui. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki ndicho tunachokipigania kwa dawa ya matone.

Sasa sikiliza, Dada, maana hapa ndipo ninapoogopa. Niliporudi kutoka hospitali nilijiambia nitaendelea kuendesha mpaka shule zifungwe, taratibu, kimyakimya. Nani angejua? Kesho yake asubuhi nikawasha basi kama kawaida. Binti yako akakaa kiti chake cha mbele, kushoto, akaanza yale maneno yake: Mjomba, baiskeli. Mjomba, kuna mtu anavuka. Mara ngapi nimemkaripia anyamaze, nikidhani ni upayukaji wake tu! Siku hiyo nikamuuliza kwa nini ananitajia vitu vya barabarani. Akanijibu, huku anafunga kamba za viatu, kwamba ni kwa sababu upande ule mimi sioni. Nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu siku ile nilipotaka kumgonga mbuzi. Nikamuuliza mbona hakuniambia.

Alidhani najua.

Nilipowashusha watoto getini nilizima injini, nikalia, sikufichi. Kisha nikaenda kumkabidhi mkuu wa shule funguo. Alinisihi nimalizie japo wiki, nikakataa. Siku hizi tunakwenda shuleni kwa miguu, mimi na mwanao, naye haachi kulalamika kuhusu vumbi. Kazi nyingine sijapata, na nguvu ya kuitafuta bado sina. Mama anafikiri nipo likizo. Mwambie wewe, nakuomba. Mimi nikimtazama tu, mdomo unakuwa mzito.

Wasalimie wenzako wa kazini, na shemeji akirudi safari mpe mkono wangu. Ukizungumza na mwanao usimsifu sana, ataringa mpaka tumkome. Mwambie tu kwamba Mjomba sasa anajua.

Ni mimi, mdogo wako.