Kaunta Yetu ya Uwanja wa Ndege

Hosteli ya Mafundi,
Chumba Na. 6,
Jumapili, 14 Julai.

Mpendwa mdogo wangu Sisimizi,

Hujambo, mama? Shemeji na wapwa zangu hawajambo? Kile kikohozi kimekuachia? Mimi ni mzima, ila miguu imevimba kidogo. Usinicheke, kupanda ndege mara ya kwanza na miaka hamsini na minne si mchezo.

Nimekuja kutengeneza ngazi ya mbao ya hoteli, vidato thelathini na viwili. Lakini kwanza nikueleze yaliyonikuta uwanjani.

Kwa woga wa kuachwa, nilifika mapema mno. Nikakaguliwa hadi mkanda nikavua, kisha nikaambiwa nisubiri kwa muda wa saa tatu. Koo lilikuwa limekauka, nikaenda baa. Mdogo wangu, nilipigwa na butwaa! Ilikuwa ile kaunta yetu. Ile tuliyoisotea wiki saba karakanani kwa baba, wakaja kuichukua vipande vipande, na sisi tukakatazwa kwenda kuiona ikifungwa. Miaka kumi na moja, na maungio bado hayapitishi hata unywele.

Nikaagiza bia baridi. Mkono mmoja ulishika glasi, mwingine ukawa unapapasa chini ya ubao.

"Mzee, unatafuta nini huko?" mhudumu akauliza.

"Jina la mdogo wangu."

Nilipotamka hivyo tu, nikajua nimejichongea. Dada wa watu akamwita askari. "Weka mikono juu, nikuone," askari akasema. Abiria wa jirani wakahama na vinywaji vyao. Nikajieleza mpaka jasho likanitoka, hakuniamini. Akawasha tochi, akainama mwenyewe, akakaa huko kitambo.

"Kuna jina limechongwa," akasema akiinuka. "Sisimizi."

"Ndiye huyo. Mimi nilikata na kuunga, yeye akapiga msasa. Hebu pitisha kiganja."

Akapitisha, taratibu, kama anayempapasa mtoto aliyelala. Mhudumu naye akapitisha. "Naifuta kila siku," akasema, "sikujua ina wenyewe."

Sikufichi, kichwa kilinivimba. Bia ile niliinywa mgongo wima kama bwana harusi, nikimwambia kila aliyeketi: hii ni kazi yetu, mimi na mdogo wangu.

Ndani ya ndege sasa, ndipo lilipokuja la kuniuma. Wateja walipokusema kwamba karakana si mahali pa mwanamke, nilikuwepo, nikanyamaza. Ukaning'iniza aproni, ukaenda kuuza viatu. Nilipaswa kusema, mama. Nisamehe.

Jana mkandarasi aliniuliza nani atapiga msasa na vanishi hii ngazi. Safari hii sikunyamaza. Nimemwambia yupo mmoja, wala sina wa pili. Amekubali kusubiri jibu lako hadi mwisho wa mwezi. Zungumza na shemeji, mlipime pamoja. Ila usinijibu kwa kunionea haya kwa kuwa mimi ni kaka yako. Nijibu kama fundi.

Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu wote, na shangazi ukimpigia simu. Mungu aizidishie nguvu mikono yako.

Ni mimi kaka yako akupendaye na kujivunia wewe,

Fundi Kobe