Landrova Yangu Imesamehewa Ukaguzi

Jumatatu, 12 Mei

Habari ya mwaka! Mdogo wangu Olwen amenipigia simu kutoka posta, kazini kwake, sauti juu utadhani nimeshinda bahati nasibu. Alikuwa ananijazia karatasi za gari, akaona tarehe: Landrova yangu ilisajiliwa 2 Juni 1985. Inatimiza miaka arobaini. Na gari likishafika arobaini, sheria hailidai tena ukaguzi wa kila mwaka. Halipandishwi, haligongwigongwi, haliandikiwi cheti. Limesamehewa!

Mimi nina sitini na moja na hakuna aliyenisamehe kitu.

Nimecheza jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Tangu mume wangu Ieuan afariki, kila Juni kwa miaka kumi na miwili nimeteremka hadi gereji ya darajani, roho juu, kumpelekea Meurig gari alikague. Mwaka wa breki. Mwaka wa chesi, ile fremu ya chini ya gari, alipoitoboa kwa bisibisi akaniita nione mwanga ukitokea upande wa pili. Mwaka aliokataa kunipa cheti kwa ajili ya taa ya namba ya nyuma. Taa ya namba! Wanaonifuata nyuma ni kondoo, wao wasome nini?

Cheti changu kinaisha tarehe 12 Juni. Kufika siku hiyo gari litakuwa limeshapita arobaini. Basi. Kwaheri, Meurig.

Jumatano, 14 Mei

Mvua. Nimekata kwato za kondoo kumi na saba, mgongo hauna habari nami.

Kuna jambo linanikera na sijui niliseme vipi, hata humu. Sheria inataka kila gereji ya ukaguzi iwe na mahali pa mteja kukaa na kutazama. Kwa Meurig ni kiti kimoja cha plastiki nyuma ya kioo. Haturuhusiwi kumsemesha mkaguzi akiwa kazini. Watu wote huacha gari wakaenda zao kunywa chai. Mimi hukaa. Dakika arobaini na tano, mkoba mapajani, kila mwaka. Nilijiambia nakaa ili nisiibiwe. Meurig aibe! Mtu aliyewahi kunifuata mpaka njia panda kwa sababu nilisahau glavu moja.

Nakaa kwa sababu napenda kumtazama. Haya, nimeandika. Napenda anavyopapasa mabomba kwa kidole kabla ya kuwasha tochi. Napenda anavyoimba puani, nyimbo za kanisani, akidhani kioo hakipitishi sauti. Kinapitisha.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekutana naye dukani, kwenye chakula cha mifugo. Na mdomo wangu huu, badala ya kuuliza habari za asubuhi, ukaanza kutangaza: gari langu limesamehewa, Bwana Meurig, arobaini, sheria, hakuna tena cheti!

Akasema hongera, Bi. Prydderch. Akageuza gunia lililokuwa limekaa sawa kabisa.

"Kwa hiyo hutakuja Juni."

"Sina sababu ya kuja."

Sina sababu! Nani alinituma? Akaitikia kwa kichwa, akalipa, akaondoka akaacha chenji yake kaunta. Mwenye duka ilibidi amkimbilie.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani. Huwa anakaa nyuma yangu safu mbili, anaimba besi. Leo sikumsikia. Nilipogeuka alikuwepo, kitabu kimefunguliwa, mdomo umefungwa.

Jumanne, 20 Mei

Nimemweleza Olwen. Kosa kubwa. Amecheka mpaka akashika ukuta.

"Dada, ina maana miaka yote hii unapeleka gari, kumbe unajipeleka mwenyewe?"

Nikamwambia anyamaze, mimi ni mjane na ni mzee wa kanisa.

"Na yeye hajaoa, alimuuguza mama yake mpaka mwisho, na mama amekwenda tangu mwaka juzi. Sasa mnamsubiri nani? Nenda kamwone, una miguu."

"Niende niseme nini?"

"Sema gari lina kelele."

"Halina kelele."

"Basi litie!"

Olwen ni wa kupuuzwa tangu tukiwa watoto. Ndiye aliyenishawishi ninyoe mbwa wa mchungaji wa kanisa.

Alhamisi, 22 Mei

Nimelitia.

Niandike yote, labda aibu itapungua. Baada ya kifungua kinywa nilikwenda nyuma ya banda, spana namba kumi na tatu mfukoni. Nikalala chini ya gari. Kuna kibanio kinachoshika bomba la mbele la ekzosi na sailensa ya katikati, kopo linalomeza kelele ya moshi. Nati zake mbili. Nikazipulizia mafuta ya kulegeza, nikasubiri, nikanyonga. Zikaachia upesi kuliko nilivyotaka. Nikawasha.

Ee Mungu! Banda lote lilitetemeka. Pero, mbwa wangu asiyeogopa dume la ng'ombe, alitoka mbio na sikumwona mpaka jioni. Kondoo wa shamba la juu walihamia shamba la jirani. Nikateremka kijijini na ngurumo ile, watu wakitoka milangoni, mke wa mchungaji amejishika kifua, mimi nimenyoosha shingo mbele kama mtu anayekwenda zake benki.

Meurig alikuwa ameshafungua mlango wa gereji. Alinisikia tangu kilimani.

Akalipandisha gari. Nikaenda kukaa nyuma ya kioo, mazoea. Akapapasa bomba. Akafika kwenye kibanio. Akawasha tochi, akatazama muda mrefu mno. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa ananipa mgongo, lakini mabega nayajua.

Akaja mlangoni anajifuta mikono.

"Kutu ya ajabu hii, Bi. Prydderch. Imefungua nati mbili, na imeacha alama za spana."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema kutu za siku hizi huwezi jua.

"Huwezi jua," akasema.

Lakini hakuondoka mlangoni. Akabadilika uso, akaniita chini ya gari. Sailensa ya katikati, upande wa juu ambao hauonekani mpaka uinue shingo, ameigusa na kidole kimeingia mpaka kwenye kifundo. Kutu tupu. Na sakafu juu yake ina nafasi pale mpira wa kuzibia ulipokatika. Moshi unapanda ndani, ninakokaa mimi na Pero, madirisha tumefunga wakati wa baridi. Akaniuliza kama kichwa huwa kinaniuma. Nikamwambia kinauma tangu Februari, nilidhani ni uzee.

Sijawahi kumwona amekasirika. Hakunikasirikia mimi, alijikasirikia mwenyewe, kwa sababu Juni iliyopita aliandika "ekzosi imeanza kuchakaa" akaishia hapo. "Na mwaka huu usingekuja," akasema. "Ungeendelea kuendesha hivi hivi mpaka lini?"

Nikasema kwa unyonge, si sheria imelisamehe.

"Sheria imelisamehe gari. Mimi wewe sijakusamehe. Usiliendeshe mpaka nilibadilishie ekzosi nzima."

Akanirudisha nyumbani kwa kigari chake cha kazi. Gari langu atalivuta kesho mpaka uani kwangu, na bomba jipya likifika ataniwekea huku huku. Ana lifti kule gereji, ana taa, ana paa. Huku kwangu kuna tope na mvua. Nimelala kitandani sasa nawaza kwa nini mtu achague tope.

Jumatatu, 2 Juni

Siku ya kuzaliwa ya Landrova. Olwen amekuja na keki ya zabibu, akachomeka mshumaa mmoja, akaiweka juu ya boneti. Tumeimba. Pero amekula kipande kilichoanguka. Kichwa hakijaniuma siku kumi na moja, naenda kila mahali kwa miguu au kwa trekta.

Olwen ameuliza fundi anakuja lini, nikasema Jumamosi, bomba limefika. Akauliza nitavaa nini. Nikamwambia nitavaa nguo.

Jumamosi, 7 Juni

Nimevaa sketi ya kanisani. Jumamosi, kumpokea fundi wa ekzosi! Pero amenizunguka mara mbili kuhakikisha ni mimi.

Meurig alifika saa nne kamili. Manyunyu. Akatandika turubai, akaweka jeki na stendi mbili, akalala chini akaingia, yakabaki mabuti tu nje. Nati za zamani zilikataa, akazikata kwa msumeno. Bomba la zamani limetoka vipande vitatu, akavisukuma kimoja kimoja kwenye majani. Sailensa ile niliinua, ikamwaga unga wa kutu miguuni pangu, nikaona tundu lilivyokuwa. Nilikuwa nimekalia hiyo.

Nikawa nampa spana. Kumi na tatu, kumi na saba, tena kumi na tatu. Alipoiomba kumi na tatu mara ya kwanza alisema, "hiyo unaijua," nikampa. Bomba jipya likaingia linang'aa. Gasketi, vibanio, mipira ya kuning'inizia. Nilimwona akikaza nati ya mwisho. Nikawasha, akasikiliza, akaniashiria kwa mkono nizime. Kimya kizuri. Nikadhani sasa atatoka, nikawaza chai.

Hakutoka.

"Tegwen," akasema kutoka chini. Miaka kumi na miwili hajawahi kuniita hivyo.

"Naam."

"Kila Januari nikinunua daftari jipya la gereji, jina la kwanza kuandika ni lako. Mwaka huu umeandikwa Alhamisi ijayo, tarehe 12. Asubuhi nzima."

"Asubuhi nzima? Ukaguzi si dakika arobaini na tano?"

"Ndiyo."

Mvua ikawa inadondoka kwenye boneti. Mimi nimeshika spana kwa mikono miwili.

"Sasa gari halidaiwi tena kuja," akasema. "Nimechukua kifutio mara tatu na sikuweza. Basi nakuuliza wewe. Niifute, au niiache?"

Na mimi, mwanamke mzima, niliyezalisha kondoo mia mbili mwaka huu na wengine kwa mkono, nimesema "subiri hapo hapo" nikakimbia ndani. Subiri hapo hapo! Mtu amelala chini ya gari, angekwenda wapi?

Naandika nimesimama, spana iko hapa mezani karibu na sukari. Naandika mbio, herufi zenyewe hazisomeki. Nina furaha na nina hofu na sijui ipi inashinda. Dirishani naona mabuti yake. Anagonga kitu, taratibu, na hakuna kilichobaki cha kugongwa. Aiache, jamani, aiache, aandike na ya mwaka kesho, aandike na asubuhi nyingine zote! Lakini siwezi kujibu mabuti. Na yeye aliweza kuuliza kwa sababu sikumwona uso, akisimama mbele yangu tutaanza tena Bi. Prydderch na Bwana Meurig na habari za malisho. Nitalala chini na mimi, na sketi yangu, kwenye tope lile lile, nimtazame nimwambie.

Ameacha kugonga. Mabuti yanasogea, anataka kutoka. La, usitoke, nakuja, baki huko huko —