Asante kwa Kuniondolea Mkeka

Savaii, Jumatatu

Dada yangu Sieni,

Natumaini baridi ya Auckland imepungua. Huku mishelisheli imezaa sana, na goti langu limepona.

Asante kwa asubuhi ile. Nilipopiga magoti mbele ya nyumba uliyofikia hapa Savaii, nimejifunika mkeka kichwani kama wakosaji wetu wafanyavyo, niliogopa kwamba hutatoka. Nikakiri kuwa mimi ndiye niliyeunguza mkeka wa harusi wa mama, nikakusingizia, na baba akakufukuza.

Ukaniondolea mkeka. "Inuka, mzee! Magoti yanalia kama mlango mbovu. Nilikuona siku ileile."

"Miaka arobaini ulijua?"

"Nilijua. Lakini kila nikija nyumbani unanikimbia. Mimi nilikosa kaka, si mkeka."

Nimefundisha katekisimu maisha yangu yote, nikidhani kuungama ni kumpelekea Mungu habari. Kumbe habari anazo. Anachongoja ni tuache kumkimbia, atuone uso.

Mkeka ule niliojifunika sasa ni wako, nimeukunja vizuri. Ukija Krismasi, utanikuta gatini kabla meli haijafunga kamba.

Kaka yako,
Tavita